Weka Sahihi Mji Ukiwa Umezingirwa

Somo: Yeremia 32:1-15, 24-27 na 43-44



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinishika mkono pale langoni. Nilikuwa na haraka, kamati ya fedha ilikuwa inaningoja. Akaniambia hivi: "Pasta, nimefunga. Nimekesha. Hata mbegu nilipanda ile siku mlisema tupande. Huu ni mwezi wa saba tangu nisimamishwe kazi. Niambie ukweli kama ndugu yangu: niendelee ama niache?"

Nikamgusa begani, nikamwambia, "Usijali ndugu, Mungu atafanya njia." Halafu nikaingia mkutanoni.

Wapendwa, nilichosema ni kweli. Lakini nilikisema vile mtu husema "nitakupigia" akitaka tu kukata simu. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu swali lake halikuwa la kazi peke yake. Alikuwa anauliza kama imani inafaa kubebwa wakati haileti kitu mezani. Na najua hayuko peke yake. Wako akina mama hapa ambao muhula ukianza tumbo linawauma kwa kuwaza karo. Wako vijana waliomaliza chuo na sasa wanaenda mjengo, na hata huko kibarua hakipatikani kila siku. Wako watu ambao wameomba kwa ajili ya mgonjwa nyumbani mpaka maneno yakaisha.

Mahubiri ya leo ni jibu ambalo ningempa ndugu yule kama ningesimama.

BIASHARA ISIYO NA HESABU

Fungua Yeremia 32. Ni karibu mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Babeli limezingira Yerusalemu na chakula kinaendelea kuisha. Yeremia yuko kizuizini katika ua wa walinzi, kwenye nyumba ya mfalme Sedekia. Kosa lake ni nini? Alisema ukweli kwamba mji utaanguka. Amehubiri karibu miaka 40, na shukrani aliyopata ni kwamba watu wa kijiji chake mwenyewe, Anathothi, walipanga kumuua (Yeremia 11:21).

Siku moja binamu yake Hanameli anakuja kumwona. Ukiwa umefungwa na jamaa yako akaja kukuona, unatarajia nini? Pole, na pengine ndizi mbili. Hanameli amekuja kuuza shamba! Shamba lenyewe liko huko huko Anathothi, na anamwambia Yeremia kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kulikomboa.

Nilisomea biashara chuo kikuu. Kitu kimoja tulichofundishwa ni kwamba kabla hujaweka shilingi yako mahali, ujiulize: itarudi lini, itarudi na nini, na mambo yakiharibika utamshika nani? Ebu tulipime shamba hili.

Itarudi lini? Yeremia mwenyewe alikuwa amewaandikia watu waliopelekwa Babeli kwamba itachukua miaka 70 (29:10). Itarudi na nini? Shamba liko katika nchi ambayo adui anaitwaa. Utamshika nani? Mfalme, wazee wa mji, mahakama, wote wanakaribia kuondolewa. Zaidi ya hayo, Yeremia hana mke wala mtoto, kwa sababu Mungu alimkataza kuoa mahali pale (16:2). Hakuna hata wa kumrithi. Ningeulizwa jambo hili katika mtihani, ningeandika "asinunue", na mwalimu angenipa alama zote.

Lakini Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, kama gramu 200 hivi kwa kipimo cha leo, akalipa, akaweka sahihi.

Kwa nini? Kwa sababu Mungu alikuwa amemwambia mapema kwamba Hanameli atakuja, na akampa maana yake: iko siku watu watanunua tena nyumba, mashamba na mizabibu katika nchi ile ile. Sikieni vizuri, wapendwa. Yeremia hakununua kwa sababu hali ilikuwa inaanza kuwa nafuu. Hali ilikuwa inaenda kuharibika zaidi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alinunua kwa sababu Mungu alikuwa amesema.

Huo ndio uvumilivu ninaotaka tuuone leo. Mara nyingi tunafikiri kuvumilia ni kujikaza kisabuni, ukae kimya, ungoje shida ipite. Yeremia anatuonyesha jambo lingine: kuvumilia ni kulitendea kazi neno la Mungu leo, kwa kile kidogo ulicho nacho, hata kama ukuta bado unabomolewa.

1. ANAYEVUMILIA ANARUHUSIWA KUULIZA

Watu wengi huishia mstari wa 15 na kusema amina. Endelea kusoma. Baada ya kuweka sahihi, Yeremia anaomba, na maombi yake si ya mtu aliyetulia. Anamsifu Mungu kwanza, halafu mstari wa 24 na 25 anamwonyesha maboma ya adui yaliyofika mjini, njaa na tauni, kisha ni kama anasema: Bwana, unaona mwenyewe, na bado umeniambia ninunue shamba?

Ameshatii, na bado anauliza. Mungu hakumfukuza. Alimjibu kwa kumkumbusha kwamba yeye ni Mungu wa wote wenye mwili, na hakuna jambo lililo gumu kumshinda (mstari wa 27).

Mimi hili nililijifunza vibaya. Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya corona, nilikuwa na kaduka ka kuchapisha na kutoa kopi karibu na chuo fulani. Wateja wangu walikuwa wanafunzi, na katika wiki moja wote walikuwa wameenda nyumbani. Mwezi wa sita mwenye jengo aliweka kufuli lake juu ya kufuli langu. Mashine niliiuza kwa bei ya kutupa, na bado chama kilikuwa kinanidai. Jumapili nilikuwa naongoza maombi kwa simu, watu wanasema amina, na nikimaliza nakaa kwa kitanda sina hata neno moja la kumwambia Mungu. Nilidhani mtu wa imani haulizi.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Baba watoto, haya yote unayoniambia mimi, mbona usimwambie Mungu?" Nikaenda bafuni, nikafungua maji ili majirani wasisikie, nikamwambia Mungu hasira yangu yote. Nililia kama mtoto. Deni halikuisha asubuhi. Chama tulimaliza kukilipa mwaka 2022. Lakini tangu usiku ule nilikuwa nazungumza na Mungu tena, na niligundua kwamba kilichokuwa kimebaki kidogo kife ndani yangu kilikuwa yale mazungumzo, na duka lilikuwa limenificha hilo.

Kwa hivyo, mpendwa, kama una swali, lipeleke kwake. Aliyeacha imani huacha kuuliza. Wewe ambaye bado unalia mbele za Mungu, hujaacha.

2. ANAYEVUMILIA ANAFUATA UTARATIBU

Sisi Wakenya tunajua habari za mashamba. Kiwanja kimoja kinaweza kuuziwa watu watatu, na kila mmoja ana karatasi yake. Sasa angalia Yeremia. Fedha zilipimwa katika mizani. Hati zikaandikwa, moja ikatiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi. Mashahidi wakatia sahihi mbele ya watu wote waliokuwa pale uani. Kisha Baruku, karani wake, akaagizwa aziweke hati zote mbili katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Mji unaanguka na huyu mtu anatunza risiti! Imani yake haikumfanya awe mzembe.

Nasema hivi kwa upendo. Kuna mtu hukopa kwa simu ili atoe sadaka ya mbegu, akitarajia kwamba kabla siku ya kulipa ifike Mungu atakuwa amelipa. Kuna mwingine huweka pesa ya unga kwenye kamari na kuiita hatua ya imani. Mungu hakuwatuma huko. Yeremia alilipa kwa fedha alizokuwa nazo, kwa jambo ambalo Mungu alikuwa amesema.

Na wewe utaweka sahihi wapi wiki hii? Mara nyingi ni katika vitu vidogo. Unampigia unayemdai... samahani, anayekudai wewe! Unampigia kabla hajakupigia, unamwambia ukweli na kumpa hata shilingi 200. Unakataa kuandika risiti ya uongo kazini, ingawa wenzako wote wanaandika. Unasoma sura moja na watoto kabla ya kulala, hata kama chakula kilikuwa strungi na mkate. Unakuja kanisani bila sadaka. Wapendwa, naomba hili lisikike: usibaki nyumbani kwa sababu mkono ni mtupu ama viatu vimechoka. Kikapu kikikufikia, kipitishe kwa jirani na uendelee kuimba. Hakuna shemasi hapa anayehesabu.

Hayo yote yanaonekana madogo, na hakuna atakayekuita mbele utoe ushuhuda kwa sababu uliyafanya. Lakini kila moja ni sahihi unayoiweka kwenye hati, kwamba unaamini Mungu bado ana kesho na wewe.

3. ANAYEVUMILIA HAKO PEKE YAKE

Wakati mwingine tunamhubiri Yeremia kama shujaa aliyesimama peke yake. Hebu mhesabu waliomshikilia. Alikuwa na Baruku wa kuandika na kutunza. Alikuwa na mashahidi. Kila siku aliletewa mkate mmoja kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mkate ulipoisha mjini (37:21). Hakuna aliyemletea magunia kumi. Ulikuwa mkate mmoja, wa siku hiyo.

Na alipotupwa shimoni akazama matopeni, aliyemtoa alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, mgeni katika nchi ile. Napenda sana vile Biblia inaeleza alivyofanya (38:11-13). Alitafuta nguo kuukuu na matambara, akamshushia kwa kamba, akamwambia ayaweke makwapani ili kamba zisimchubue. Alikuwa na haraka, mfalme angeweza kubadilisha nia wakati wowote, lakini alifikiria makwapa ya mtu!

Kanisa, hapo ndipo nilipokosea langoni. Nilimrushia ndugu yangu kamba, "Mungu atafanya njia," bila matambara. Maneno mazuri yanaweza kumchubua mtu aliye shimoni. Usimwambie aliyefiwa kwamba yote ni mapenzi ya Mungu kisha ukaenda zako. Keti naye. Usimwambie mama aliyefukuziwa watoto karo kwamba amwamini Mungu tu. Muulize ni ngapi, na kama huna, mwende pamoja shuleni mkaongee na mwalimu mkuu. Unga wa kilo mbili unaoupitisha mlangoni bila kelele ni mkate wa mtaa wa waokaji.

Na wewe uliye shimoni, shika kamba. Wengine wetu tunavumilia vibaya kwa sababu ya kiburi. Hatutaki ushirika wa nyumbani ujue. Yeremia asingetoka kama angekataa yale matambara.

MTUNGI NA ARABUNI

Sasa swali kubwa. Je, Yeremia alilima lile shamba? Biblia haituambii kwamba alikanyaga Anathothi na jembe hata siku moja. Mji ulianguka karibu mwaka 586 kabla ya Kristo, hekalu likachomwa. Baadaye watu wa kwao walimchukua wakashuka naye mpaka Misri (43:5-7). Kwa hesabu ya binadamu, hasara tupu.

Lakini nenda Ezra sura ya 2. Ni ile sura ambayo wengi wetu tunairuka, majina na hesabu, majina na hesabu. Koreshi mfalme wa Uajemi ameruhusu Wayahudi warudi kwao, karibu miaka 50 baada ya Yeremia kuweka sahihi. Waliorudi wanaorodheshwa, mji kwa mji. Angalia mstari wa 23. Watu wa Anathothi: 128.

Watu 128! Walirudi kwenye kile kijiji, kile ambacho wazee wake walitaka kumuua nabii. Mtu asiye na mtoto aliweka sahihi, na nchi ile ikapata watu wa kulima. Mungu alitimiza. Alitimiza kwa muda wake, na kwa watu wengi kuliko mtu mmoja.

Pengine, mama, hujui ni nani anayetazama vile unavyovumilia. Mtoto anayekuona ukipiga magoti saa kumi na moja asubuhi kabla ya kwenda sokoni, anajifunza kitu ambacho hakuna shule inayofundisha. Unamwekea hati katika mtungi.

Na sisi tuna zaidi ya Yeremia. Tukinunua kiwanja tunalipa arabuni kwanza, na muuzaji akiipokea anajua hatutanii. Paulo anatumia lugha hiyo hiyo ya soko katika Waefeso 1:13-14: tulipomwamini Kristo tulitiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu, naye ndiye arabuni ya urithi wetu. Safari hii anayelipa arabuni ni Mungu, na anailipa kwetu. Ile siku ulipojazwa na Roho, ile amani inayokushangaza katikati ya matanga, hata ile nguvu tu ya kuamka na kusema "Bwana, nisaidie," hayo ni malipo ya kwanza. Na aliyetununua hakutumia fedha, alitumia damu ya Mwanawe (1 Petro 1:18-19). Yesu aliuvumilia msalaba kwa sababu aliiona furaha iliyokuwa mbele yake (Waebrania 12:2). Alituona sisi kabla hatujarudi nyumbani.

Sisi ni vyombo vya udongo, tunapasuka kwa urahisi. Lakini hazina iliyo ndani haitegemei unene wa mtungi (2 Wakorintho 4:7).

NDUGU YANGU WA PALE LANGONI

Uliniuliza, niendelee ama niache? Jibu langu ni, endelea. Lakini wacha nirekebishe sababu tuliyokupa.

Mimi mwenyewe nimeshika maikrofoni nikasema, "Wiki hii ni wiki yako!" Watu wakashangilia. Kama maneno yangu yalikufanya uhesabu siku, na zikapita, ukaona kama Mungu ni mdeni asiyelipa, naomba unisamehe. Tarehe ilikuwa yangu. Haikuwa ya Mungu.

Siwezi kukuahidi kazi kufikia Ijumaa. Ninaloweza kusema kutoka katika Neno ni kwamba Mungu hatakuacha (Waebrania 13:5), na kwamba kazi unayoifanya ndani ya Bwana haipotei bure (1 Wakorintho 15:58). Hilo linatosha kuweka sahihi leo, na kesho utaweka nyingine. Na Alhamisi jioni nitakuja kwako. Toa vyeti na barua zako za kazi, tuzipitie pamoja. Hiyo shahada ya biashara lazima imfae mtu.

WIKI HII

Soma Yeremia 32 yote, mwanzo hadi mwisho, angalau mara mbili. Kariri mstari wa 27. Andika jambo moja dogo ambalo unajua Mungu anataka ulifanye hata kabla hali haijabadilika, ulifanye kabla ya Jumapili. Halafu mtafute mtu mmoja aliye shimoni, na ukumbuke matambara.

Maswali kwa ushirika wa nyumbani:

1. Ni swali gani umekuwa ukiogopa kumuuliza Mungu?
2. Ni mara gani mtu alikusaidia kwa kamba bila matambara? Na wewe ulimfanyia nani hivyo?
3. Ni nani "watu 128" ambao uvumilivu wako unaweza kuwafaa baadaye?

Tuombe

Baba, unaona maboma yaliyotuzunguka, hatuna la kukuficha. Wengine wetu tumechoka. Tupe nguvu ya kuweka sahihi leo, kwa kile kidogo tulicho nacho. Utupe mkate wa siku hii, na utufanye mkate kwa mwingine. Roho Mtakatifu, wewe uliye arabuni yetu, tukumbushe kila asubuhi kwamba urithi wetu uko salama. Kwa wale wanaotaka kuacha, washike, na ututume kwao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Tukutane Jumapili. Kama huna nauli, mwambie kiongozi wa ushirika wako mapema. Mungu awabariki sana.